Nani alimuua Rosa?

Wazazi wengi wa parokia zetu waliopita sekondari wanakikumbuka kitabu cha Rosa Mistika. Kiliandikwa na Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyesoma Seminari ya Nyegezi na kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilichapishwa mwaka 1971. Kwa muda kilipigwa marufuku shuleni, kwa sababu kilisema waziwazi mambo ambayo wakubwa walipenda yafunikwe. Baadaye kiliruhusiwa, kikasomwa madarasani hapa kwetu na nchini Kenya. Mwandishi wake alifariki Januari 2020, lakini swali aliloliacha bado liko hai: Rosa alikufa kwa mkono wake mwenyewe, je, mwenye kosa ni nani?

Mara nyingi swali hilo huishia kwenye karatasi ya mtihani. Mwanafunzi huandika "baba yake", hutoa hoja tano, hupewa alama, na kitabu hufungwa. Mwezi huu tumeona vema kulileta swali hilo katika ukurasa wetu wa afya, kwa kuwa kujiua ni jambo la afya kama malaria au kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 duniani walikufa kwa kujiua. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, hicho kilikuwa chanzo cha tatu cha vifo. Hao si watu wa kitabuni. Ni watoto wa watu, na wengi wao walikuwa wa nchi zisizo tajiri kama yetu.

Tunatumia hadithi ya Rosa kwa sababu moja zaidi. Kitabu hakina ndugu wa kuona aibu. Tukizungumza juu ya Rosa tunaweza kusema kweli yote, bila kumnyoshea kidole jirani aliyefiwa.

Hadithi kwa ufupi

Kwa wale ambao hawakuisoma, hadithi iko hivi. Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina, wa kijijini Ukerewe. Zakaria ni mlevi, anampiga mkewe, na watoto wanamwogopa. Siku moja anagundua kwamba Rosa ameandikiwa barua na mvulana aitwaye Charles. Anampiga binti yake kipigo kikali mno. Tangu siku hiyo Rosa anawaogopa wavulana, na anakuwa msichana mkimya mwenye sifa njema.

Kisha anakwenda shule ya sekondari ya bweni, mbali na macho ya baba. Huko anajikuta ana uhuru ambao hajafundishwa kuutumia. Anaanza kufuatana na wanaume, na sifa yake inaharibika. Anapofika chuo cha ualimu mjini Morogoro, mkuu wa chuo mwenyewe, mtu aliyepewa dhamana ya kuwalinda wanafunzi, anakuwa na mahusiano naye. Anatoa mimba. Mwishoni anapotaka kutulia na kuolewa na Charles, yule yule wa barua, Charles anayajua ya nyuma na kumwacha. Hapo Rosa anakata tamaa.

Namna alivyokufa hatutaieleza, na tunawaomba wazazi na walimu wafanye vivyo hivyo wanapozungumza na watoto. Wataalamu wamegundua kwamba kusimulia kwa undani namna mtu alivyojiua kunaweza kumvuta mwingine aliye katika dhiki kama hiyo afuate njia hiyo hiyo.

Mashtaka dhidi ya baba

Mwandishi hakuliacha swali lake hewani. Mwishoni mwa kitabu anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu, na lawama zinasemwa hadharani. Wasomaji wengi wanapofunga kitabu wamekwisha kumhukumu Zakaria.

Wazee wengine huudhika na hukumu hiyo. Husema, "Mimi nami nilichapwa na baba yangu, mbona sikujiua?" Hoja hiyo ina ukweli wake. Watoto wengi sana huchapwa, na walio wengi hawajiui. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba fimbo ya Zakaria peke yake ilimuua Rosa. Lakini tuitazame tena ile fimbo, tuone ilifanya kazi gani.

Zakaria alitaka kumfundisha binti yake kuogopa dhambi. Somo alilolipata Rosa lilikuwa jingine kabisa: kwamba jambo likimpata, nyumbani ndipo mahali pa mwisho pa kulipeleka. Barua ni jambo dogo. Msichana aliyepokea barua angeweza kuketishwa na mama au shangazi, akaulizwa huyo kijana ni nani, akaelezwa la kufanya. Miaka ilivyopita, yalimpata mambo makubwa kuliko barua. Alidanganywa, alipata mimba, aliaibishwa, aliachwa. Katika yote hayo hakuwa na mtu wa nyumbani wa kumwambia. Mlango ulikuwa umefungwa tangu siku ya kipigo.

Sisi watu wa afya tunalijua jambo hili vizuri. Mtoto anayeogopa kusema anaumwa huletwa hospitali akiwa amechelewa. Homa ambayo ingetibiwa kwa vidonge siku ya kwanza, siku ya tano imekuwa degedege. Huzuni ya moyoni nayo ni hivyo hivyo.

Washtakiwa wengine

Lakini Zakaria hasimami peke yake kizimbani. Tukisoma kwa haki tutawaona wengine nyuma yake.

Yuko mkuu wa chuo. Huyu tusimfiche nyuma ya neno "mapenzi". Mtu mzima mwenye madaraka juu ya msichana, anayeweza kumfaulisha au kumfukuza, anapomtaka huyo msichana, hayo si mapenzi ya watu wawili walio sawa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inawagusa watu wa namna hiyo wanaotumia vibaya nafasi zao. Tena mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Rosa hakuwa na sheria hizo. Watoto wetu wanazo, lakini sheria haimsaidii mtoto asiye na mtu wa kumwambia.

Yuko Charles, aliyetaka kwa mwenzake usafi ambao pengine hakuuliza kama yeye mwenyewe anao. Kuvunja uchumba si kosa la jinai. Lakini namna ya kuuvunja, maneno yanayosemwa na siri zinazotangazwa, vinaweza kumjeruhi mtu vibaya sana.

Uko ujirani wote unaojua habari za msichana kabla mama yake hajazijua. Wapo walimu wa bweni wanaohesabu wanafunzi usiku wakaridhika kwamba hesabu imetimia, bila kuwatazama nyuso. Yuko pia Regina, mama. Tusimhukumu kwa haraka, kwa maana naye alikuwa akipigwa. Lakini nyumba ambamo mama hawezi kusema, watoto pia hawatasema.

Na Rosa mwenyewe? Tukisema hakuwa na sehemu yoyote, tutamfanya kuwa sanamu. Alikuwa mtu mwenye akili na hiari, na baadhi ya njia alizozifuata alizichagua. Hata hivyo, kuchagua njia mbaya ukiwa na miaka kumi na minane si sawa na kuchagua kufa.

Ugonjwa ambao hautajwi

Upo mshtakiwa mwingine ambaye wanafunzi hawamwandiki katika mtihani, nao ni ugonjwa. Wengi wanaojiua huwa wamekwisha kuugua sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka wiki baada ya wiki. Sonona si uvivu, wala si ukosefu wa imani. Humnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kufanya kazi. Zaidi ya hayo huyafinya mawazo yake, hata aone njia moja tu pale ambapo mwenye afya angeona njia kumi. Mtu wa namna hiyo huamini kwa dhati kwamba watu wake wangepata nafuu bila yeye. Anakosea, lakini hawezi kuliona kosa lake, kama vile mwenye homa kali asivyojua kwamba anaweweseka.

Tusidhani kwamba hayo ni ya mabinti tu. Katika kitabu chake kingine, Kichwamaji, kilichotoka mwaka 1974, Kezilahabi alimweka Kazimoto, kijana wa kiume msomi wa Chuo Kikuu, naye pia anaishia kujiua. Duniani kote wanaume wanaokufa kwa kujiua ni wengi kuliko wanawake. Wavulana wetu hufundishwa kwamba mwanamume halii. Wanajifunza kunyamaza, na wengine hunyamaza hadi mwisho.

Somo la chandarua

Wakazi wa Bonde la Kilombero tumekwisha kujifunza jambo moja ambalo linaweza kutusaidia hapa. Katika miaka ya 1990 mradi wa KINET ulieneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Wengi wanavikumbuka vile vyandarua vya "Zuia Mbu". Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kwa watoto wa chini ya miaka mitano waliolala ndani ya vyandarua hivyo, uwezekano wa kuendelea kuishi uliongezeka kwa asilimia 27.

Mtoto anapofariki kwa malaria, hatuulizi ni mbu yupi aliyemwuma. Tunatazama kila tundu ambamo mbu angeweza kupita: dirisha lisilo na wavu, chandarua kilichochanika, madimbwi, dawa iliyochelewa. Kila tundu lina mwenye wajibu wa kuliziba. Yule wa dirisha hawezi kusema, "Kazi ni ya wa chandarua." Wala hakuna anayesema kwamba fundi wa dirisha ndiye aliyemuua mtoto.

Kifo cha Rosa nacho kilipita katika matundu mengi. Ukiziba moja tu, pengine angeishi. Kama baba angemsikiliza. Kama mama angekuwa na pa kusemea. Kama mkuu wa chuo angekuwa mtu mwaminifu. Kama Charles angezungumza naye kwa heshima. Kama jirani mmoja angemtembelea siku ile badala ya kumsengenya.

Hatia na wajibu

Kwa hiyo tunapendekeza tutofautishe maneno mawili: hatia na wajibu. Hatia hutazama nyuma na kutafuta mtu wa kubeba mzigo. Wajibu hutazama mbele, na kila mmoja anao wa kwake.

Wakati wa msiba watu hukimbilia hatia. "Ni baba yake, alimfokea juzi." "Ni mwalimu, alimrudisha nyumbani kwa sababu ya ada." Maneno haya yana hatari. Kwanza, huwa si kweli kamili, kwa kuwa jambo la mwisho lililotokea si lazima liwe ndilo chanzo. Pili, waliofiwa na mtu aliyejiua nao huingia katika hatari ya kujiua kuliko watu wengine. Ukimwambia mzazi kwenye matanga kwamba amemuua mwanawe, unaweza kuandaa msiba wa pili.

Kanisa nalo limejifunza kusema kwa upole zaidi. Sheria zake za mwaka 1917 ziliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa makusudi. Sheria mpya za mwaka 1983 hazikuwaweka tena katika orodha ya wanaonyimwa. Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba kujiua ni kosa kubwa dhidi ya uhai, lakini pia kwamba maradhi ya akili, uchungu au hofu kuu vyaweza kupunguza hatia ya aliyetenda, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa marehemu, bali tumwombee. Familia zinazoendelea kunong'ona kwamba "huyu hazikwi na padri" zingefaa kujua hilo.

Kwa upande wa serikali, Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, katika kifungu cha 217, imehesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba ya nchi hiyo. Tunalitaja hili kwa sababu ziko familia zinazomficha nyumbani kijana aliyenusurika, kwa kuogopa polisi. Tunawasihi: mpelekeni hospitali kwanza. Aliyejaribu mara moja yuko katika hatari kubwa ya kujaribu tena, na anahitaji matibabu na kuwa na watu karibu.

Bondeni kwetu

Sasa tutazame matundu yaliyopo huku kwetu, kuanzia Kidatu na Mang'ula hadi Mlimba, na ng'ambo ya mto hadi Lupiro, Mahenge na Malinyi.

La kwanza ni msimu wa kilimo. Mvua zinapoanza, wazazi wengi huhamia mashambani bondeni, wakaishi kwenye madungu hadi mpunga uvunwe. Watoto wa shule huachwa mjini au kijijini, wakubwa wakiwalea wadogo. Wengine wa sekondari hupanga vyumba karibu na shule na kujipikia, wanavyoviita "mageto". Hatuwalaumu wazazi, kwa kuwa mpunga ndio ada na ndio chakula. Lakini kijana wa miaka kumi na sita anayekaa peke yake miezi mitatu anaweza kuzama katika huzuni, asiwepo hata mtu mmoja wa kugundua kwamba hali. Kabla ya kwenda shambani, kila mzazi amkabidhi mtoto wake kwa mtu mzima mmoja mwaminifu kwa jina, na amwombe amtembelee angalau mara mbili kwa wiki. Jumuiya ndogondogo zinaweza kupangiana kazi hii.

La pili ni dawa za shambani. Nyumba ya mkulima huwa na sumu za magugu na wadudu, mara nyingi zikiwa ndani ya chumba wanacholala watoto. Hamu ya kufa mara nyingi huja kwa kishindo kisha hupungua. Kijana asipokuwa na kitu cha hatari karibu naye katika saa ile, mara nyingi huishi, na wengi walionusurika hawajiui baadaye. Sri Lanka, nchi ya wakulima wa mpunga kama sisi, ilipiga marufuku hatua kwa hatua sumu kali kuliko zote, na katika miaka ipatayo 20 vifo vya kujiua vikapungua kwa kiasi cha asilimia 70. Sisi tusingoje marufuku. Nunua kiasi kinachotosha msimu mmoja, weka kwenye sanduku lenye kufuli nje ya chumba cha kulala, na ufunguo akae nao mtu mzima.

La tatu ni aibu ya mimba na ya kufeli. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na kwake ilikuwa kama dunia imekwisha. Novemba 2021 Serikali ilitoa waraka unaoruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi shuleni. Wazazi wengi hawajawaeleza binti zao habari hiyo, wakidhani kuisema ni kuwaruhusu. Si hivyo. Msichana anayejua kwamba kesho ipo hana sababu ya kuikatisha leo. Vivyo hivyo kwa matokeo ya mitihani: mtoto ajue kabla ya matokeo kutoka kwamba atapokewa nyumbani, yawe mazuri au mabaya.

La nne ni kuita kila ugonjwa wa kichwa kurogwa. Mahenge walianza kulishinda jambo hili katika kifafa, pale Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipoanzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wagonjwa waliokuwa wakitengwa kwa kuogopwa walipata vidonge, wakaweza tena kuishi na wenzao. Kama kifafa kiliweza kutolewa gizani, sonona nayo inaweza.

Dalili za kuangalia

Ndugu wazazi na walimu, mzionapo dalili hizi kwa kijana, hasa zikiwa kadhaa kwa pamoja na zikidumu zaidi ya wiki mbili, msizipuuze:

1. Amejitenga na rafiki zake, na ameacha mambo aliyoyapenda, kama mpira, kwaya au kuchota maji na wenzake.

2. Halali usiku, au analala mchana kutwa. Hali chakula, amekonda.

3. Maendeleo yake ya shule yameshuka ghafla, au anatoroka.

4. Anajiona hana thamani, anasema, "Mimi ni mzigo kwenu," "Bora nisingezaliwa," au "Hivi karibuni mtapumzika na mimi."

5. Ameanza kunywa pombe au kuvuta bangi, au amekuwa mkali bila sababu.

6. Anagawa vitu vyake vya thamani, anaaga watu, au ametulia ghafla baada ya siku nyingi za uchungu.

Watu husema, "Anayetangaza kujiua hawezi kujiua." Huo ni uongo unaoua. Wengi waliojiua walikuwa wamedokeza kwanza kwa mtu fulani.

Ukiziona dalili

Keti naye mahali pa faragha. Usianze na mawaidha, anza na masikio. Kisha muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, umewahi kufikiri kujiua?" Wazazi huogopa kwamba kwa kuuliza watampandikiza wazo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili, wakaona kwamba kuuliza hakupandikizi wazo, bali mara nyingi kunamletea nafuu aliyekuwa amelibeba peke yake. Kama ni vigumu kwa mila zetu baba kumuuliza binti, amtume shangazi au bibi. Mradi mtu aulize.

Akijibu ndiyo, usimkaripie, usimwambie kwamba anatenda dhambi, wala usimwapishe. Mwambie umefurahi kwamba amekuambia. Usimwache peke yake hata usiku mmoja. Ondoa karibu naye dawa za shambani na vitu vingine vya hatari. Siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara, na umweleze mganga jambo lenyewe kwa jina lake. Usiseme "ana malaria" kwa kuona haya. Sonona inatibika kwa mazungumzo na kwa dawa, na si lazima mtu asafirishwe Mirembe ndipo apone. Vilevile mtoto mwenyewe, au yeyote mwenye wasiwasi juu ya mtoto, anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo. Padri, sista na katekista wanaweza kusikiliza na kuombea, lakini nao wamsindikize mgonjwa hospitali.

Kwa walimu

Walimu wetu wana kazi kubwa na madarasa yaliyojaa. Hata hivyo, mara nyingi wao ndio wa kwanza kuona mabadiliko. Kanuni za Serikali za mwaka 2002 ziliweka mipaka ya viboko: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye, na adhabu iandikwe kitabuni. Kuzidisha ni kuvunja kanuni, na kumwaibisha mtoto mstarini mbele ya wenzake kunaweza kuumiza kuliko kiboko. Kila shule imteue mwalimu mmoja wa kike na mmoja wa kiume ambao mwanafunzi anaweza kuwaendea bila kuandikiwa barua ya kuitiwa mzazi. Na wale wanaofundisha Rosa Mistika darasani wasiishie kwenye hoja tano. Wawaulize wanafunzi: "Kama ungekuwa rafiki yake Rosa, ungemwambia nani?" Kisha wawape majina ya watu wa kuambiwa.

Msiba ukitokea

Tukifiwa hivyo, twende matangani kama tunavyokwenda kwa msiba mwingine wowote. Tusikae mbali. Tusiulize habari za namna alivyokufa, wala tusipeleke picha kwenye simu. Tusiseme kwamba marehemu amepumzika na taabu zake, maana kijana mwingine mwenye taabu anasikiliza. Tuwaangalie kwa karibu wadogo zake, rafiki zake na wanafunzi wenzake kwa miezi kadhaa. Na baba wa marehemu tumkaribishe aketi nasi, hata kama alikuwa baba mkali, hasa kama alikuwa mkali.

Hukumu ya nani alimuua Rosa, mwandishi aliipeleka kwa Mungu, na huko ndiko mahali pake. Sisi tumebaki na watoto walio hai. Tunawaomba kila familia inayosoma ukurasa huu, kabla ya wiki hii kuisha, imwulize kila mtoto swali moja: "Ukipatwa na jambo kubwa la kuogopesha, utamwambia nani?" Akitaja jina, mshukuruni Mungu na mzungumzeni na huyo mtu. Akinyamaza, msimgombeze. Kaeni naye hapo hapo, mtafute jina hilo pamoja.